Sendofu ya Rangi ya Pichi

Jumapili, 1 Desemba

Binti yangu Angela amekuja kutoka Arusha na kitambaa mkononi. Kamati imekaa, sendofu ya kumuaga kabla ya ndoa ni katikati ya Februari, kabla Kwaresima haijafunga milango, na rangi ya sherehe ni pichi na krimu. Ndiyo maana akaleta kipande cha kitambaa cha sare, kidogo kama leso, nikione.

Nilicheka. Kuniletea mimi pichi ni kama kumpelekea Mmasai maziwa. Miaka yote hii hapa Karatu, watalii wanaponunua picha zangu za kreta, hawanunui nyati wala tembo. Wananunua mbingu. Mbingu yangu ya asubuhi juu ya ukingo wa Ngorongoro ni pichi, na si pichi moja: kuna ya ngozi ya tunda, kuna ya nyama yake, na kuna ile ya karibu na kokwa, inayoanza kuona haya. Nyeupe nyingi, njano kiasi, nyekundu tone, halafu kahawia kama unywele mmoja, ya kuiondolea utoto. Basi.

Nimemwambia: "Plaiwudi mbili za nyuma ya kiti chako ukumbini nitazipaka mimi mwenyewe. Hiyo ndiyo zawadi yangu." Akanikumbatia, akaniuliza kama dawa za kifua nazimeza sawasawa. Nazimeza. Ni mara ya pili kifua kikuu kunishika, na safari hii dawa ni za muda mrefu. Mama yake hunisimamia kila asubuhi kama askari magereza.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Barabara ya Tloma haipitiki. Nimekata plaiwudi na kupiga msasa.

Jumatatu, 9 Desemba

Mwanamisi wa duka la vinyago karibu na stendi amenirudishia picha mbili. "Mzee Silvanus, mbona mbingu zako siku hizi zinaumwa?" Anasema mawingu yamekuwa kama maji ya kuoshea vyombo, na mzungu mmoja alimuuliza kama ni kreta wakati wa moto wa nyika.

Nimezitazama picha zote mbili huku na huku. Ni mbingu zangu zile zile. Nikamwambia abadilishe taa za dukani kwake. Amekasirika na mimi nimekasirika, na picha nimezigeuzia ukutani.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo nimeanza kuitafuta pichi ya Angela. Kitambaa nimekibana kwa pini kwenye fremu, nikachanganya juu ya kioo. Rangi ya akriliki ina hila zake: mbichi ni nyepesi, ikikauka inakoza, kwa hiyo lazima uitangulie mbele na kuisubiri. Nimeitangulia. Ilipokauka nikaweka kitambaa juu yake nisione pa kuanzia wala pa kuishia.

Mke wangu Laurencia akapita na ndoo. "Baba Angela, hiyo si pinki?"

"Pinki gani?"

"Pinki ya pipi." Akaenda zake.

Nimeipiga picha kwa simu nikamtumia Angela. Amejibu na vile vikatuni vya kucheka, kisha: "Baba, hiyo ni pinki kabisa jamani, sare ni PICHI." Hizi simu zinaharibu rangi, kila mtu anajua.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimeongeza njano. Nimepunguza nyekundu. Laurencia anasema sasa ni chai ya rangi. Nimeirudia, anasema ni ugoro. Nimeirudia tena, naye akasema hajui jina lake lakini hataki kukaa mbele yake siku anamuaga mwanawe.

Nilimfokea. Kisha nikakaa nikafikiri, na jibu likaja lenyewe: si mimi, ni rangi. Hamidi mwenye duka la rangi hununua ndoo kubwa Arusha, anatupimia sisi wadogo kwenye makopo matupu ya maziwa ya unga. Makopo hayana maandishi. Unafungua, unaona, unajua. Ameanza kuzichanganya na chokaa, au ameletewa feki na yeye anatusukumia. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara, hata mkila sahani moja.

Jumanne, 17 Desemba

Nimekwenda dukani kwa Hamidi na makopo kwenye kiroba. Kulikuwa na wateja, na ninakiri nilifurahi kwamba wapo.

Nikafungua kopo moja mbele yake. "Hii umeniuzia kama nyekundu. Hii ni nyekundu? Hii ni tope la Oldeani!"

Hamidi akavua miwani. Akachungulia kopo. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kuliko alivyolitazama kopo. "Silvanus," akasema, polepole, "hiyo ni nyekundu kama damu, ndugu yangu."

"Usinitanie mbele ya watu."

"Wallahi sikutanii. Mama, hebu njoo uangalie. Hii rangi gani?" Mama mmoja mnunua misumari akachungulia, akasema nyekundu. Bila shaka. Nani atamkana mwenye duka akiwa ndani ya duka lake?

Nilimwita mwizi. Nilisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa fundi cherehani wa barazani. Hamidi akanifungia kopo lingine jipya, akalisukuma mbele yangu, akasema chukua, hili nakupa tu. Nikaliacha pale pale.

Mimi na Hamidi tulianza kazi mji huu tukiwa na nywele nyeusi wote wawili. Alininunulia brashi ya kwanza ya maana. Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea njia nzima, na moyo ulikuwa mzito lakini haukuwa na majuto.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kila mwaka tunampelekea Hamidi sahani ya pilau, naye siku ya Idi hutuletea. Mwaka huu nilisema hapana. Jioni niliona ile sahani kubwa ya maua haipo kabatini. Sikumuuliza Laurencia.

Ijumaa, 3 Januari

Ukungu umeshuka hadi mlangoni. Nimechanganya, nimefuta. Nimechanganya, nimefuta.

Jumatano, 8 Januari

Kama jana.

Jumamosi, 11 Januari

Leo nitaandika yote, maana kesho naweza kujidanganya tena.

Angela amekuja kwa ajili ya kikao cha kamati, akasema anatamani mapichi ya nyumbani. Miti yetu mitatu ya nyuma ya nyumba inazaa sana mwaka huu. Nikasema kaa, nitakuchumia mwenyewe. Nikachukua kikapu, nikajaza kwa raha, nikichagua makubwa tu, nikaja nacho sebuleni kama mkulima wa maonyesho.

Angela akacheka. Akashika moja, akashika jingine, akalibonyeza kwa kidole gumba. Kisha kicheko kikaisha.

"Baba, mbona yote mabichi? Yaliyoiva umeyaacha mtini. Si yale pale, yanaonekana hata hapa dirishani."

Nikatazama nje. Mti ulikuwa pale. Mapichi yalikuwa pale, naona kila moja na kikonyo chake, naona hata nyigu akitembea juu yake. Nikatazama kikapuni. Rangi ilikuwa moja. Ya mtini na ya kikapuni, ya majani na ya matunda, yote ilikuwa rangi ya nyasi za Septemba baada ya ng'ombe kupita.

"Nilitaka ya kuchemsha," nikasema.

Hakuniamini. Mimi pia sikujiamini. Nimetoka nikasimama chini ya mti, nikaanza kuyabonyeza moja moja kama kipofu. Laini. Gumu. Gumu. Laini. Hapo ndipo maneno ya nesi Penina yaliponirudia, ya tangu Septemba siku ananianzishia dawa: "Mzee, kati ya vidonge hivi kuna kimoja kinaweza kugusa macho. Ukiona tofauti yoyote, hata ndogo, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo."

Alisema vizuri, na mimi nilisikia vizuri. Ila nilikuwa nangoja giza. Mtu mwingine yeyote, dereva, mkulima, akiona nyekundu imekuwa tope angesema macho yangu yana nini. Mimi mtaalamu wa rangi nikasema rangi ina nini. Nikamlaumu mke wangu, nikailaumu simu, nikalaumu taa za Mwanamisi, nikamwita Hamidi mwizi mbele ya watu. Na kila asubuhi katika siku hizo nilizokuwa nikigombana na dunia, nilikimeza kidonge kile kile na kikombe cha maji.

Jumatatu, 13 Januari

Hospitali, na Laurencia pembeni yangu.

Daktari wa macho ni binti mdogo, mpole. Akaniletea kitabu cha vidoa. Kila ukurasa ni duara la vidoa vya rangi, na ndani yake kuna namba. Ukurasa wa kwanza nikasoma. Wa pili nikaona vidoa tu. Wa tatu vidoa. Akawa anafunua na mimi nasema "vidoa," hadi akaacha kuniuliza. Laurencia, ambaye maishani hajawahi kushika brashi, alikuwa akizisoma zote kwa kunong'ona pale nyuma yangu, sita, ishirini na tisa, tano, bila kujua kwamba namsikia.

Kidonge kimeondolewa. Mshipa wa macho umeguswa. Nikauliza rangi zitarudi lini. Akasema, "Baba yangu, sitakudanganya. Kwa wengine zinarudi baada ya miezi. Kwa wengine zinarudi kidogo. Kwa wengine hazirudi. Ungekuja mapema ningekuwa na maneno mazuri zaidi."

Nje kwenye benchi Laurencia alinishika mkono hadharani, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawafanyi. Hakuniambia kitu chochote. Nilikuwa nimezoea kusema mke wangu ana maneno mengi.

Jumanne, 14 Januari

Nimekaa.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekaa. Jua limetoka asubuhi juu ya mlima. Bibi yangu kwa Kiiraqw aliliita jua Looaa, jina lile lile alilomwita Mungu, na akilisalimia kila alfajiri. Nimelitazama likipanda. Mbingu ilikuwa ya rangi ya jivu lililonyeshewa. Miaka yote nimekula kwa mbingu hiyo, na leo sikuwa na la kuisalimia.

Jumatatu, 20 Januari

Nimekwenda kwa Hamidi. Nilisubiri duka lijae, kwa sababu nilimtukana likiwa limejaa. Nikamwambia kwa sauti: "Hamidi, mwizi si wewe. Macho yangu ndiyo mabovu. Nisamehe."

Akazunguka kaunta. "Nilijua siku ile," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ulipoiita ile nyekundu tope. Nikasema ama Silvanus amelewa, na wewe hulewi, ama ana ugonjwa. Nilimwambia mkeo Krismasi, alipoleta sahani. Akasema atakupeleka, ila unang'aka ukitajiwa macho."

Kumbe walijua wote. Akaniagizia chai ya maziwa, tukanywa tumesimama. Nimesamehewa, lakini hakuna kilichobadilika, mlango wake na mabati yake na ndoo zake zote ni za rangi moja.

Jumanne, 28 Januari

Angela: "Baba, nikuchanganyie mimi? Wewe unielekeze tu."

Nimekataa. Ni mara ya mwisho, nimemwambia, niachieni hii. Mkono wangu unajua vipimo bila macho. Makopo nimeyapanga rafuni kwa mstari kutoka mlangoni: nyeupe, njano, nyekundu, kahawia, halafu yale nisiyoyahitaji, ya kijani na buluu. Naweza kuyafikia nikiwa nimefumba macho. Na kwa kweli ndivyo nilivyo.

Jumapili, 2 Februari

Mvua kubwa isiyo ya msimu. Bati la chumba cha kazi limevuja juu ya rafu. Laurencia aliokoa makopo akayapeleka jikoni, na leo mchana nimeyakuta yamerudi mahali pake, yamefutwa vizuri. Nimeziba tundu kwa lami.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeipaka.

Nilifunga mlango. Nikachota nyeupe kwa mwiko, nyingi. Njano. Kopo la tatu, nikachovya ncha ya kijiti, tone, na tone jingine. La nne, unywele. Nikakoroga taratibu hadi mkono ukasema basi. Sikuhitaji kuona. Nilijisikia kama zamani, nikaimba hata wimbo wa kwaya. Nikapaka plaiwudi zote mbili kwa brashi pana, kwanza kwa kulala, kisha kwa kusimama, mistari ikipishana kama mkeka, maana ndivyo mwanga unavyoikamata akriliki. Hivyo ndivyo ninavyopaka mimi, na sijamwona mwingine Karatu nzima.

Nikamwita Laurencia. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Imetokea?" nikauliza.

"Imetokea, Baba Angela."

Akaenda jikoni. Nikasikia anapenga kamasi, nikasema moyoni, ni furaha hiyo.

Jumatatu, 10 Februari

Kliniki, siku nzima. Kitabu cha vidoa. Vidoa.

Jumamosi, 15 Februari

Sendofu imekwisha. Miguu inauma, naandika kabla sijapoteza.

Ukumbi ulijaa. Angela alikuwa kwenye kiti, na nyuma yake plaiwudi zangu zimepambwa kwa maua na taa. Akina mama zake wadogo waliingia wakicheza na sare, na kila mtu alikuwa akisema jinsi sare na ukuta vilivyoshikana, kama vimekatwa kwenye kitambaa kimoja. Mimi niliona jivu limekaa mbele ya jivu. Lakini nilijua. Kwa mara ya kwanza tangu Januari nilikuwa na kitu kimoja ambacho ni changu na kimekamilika.

Msema chochote, yule mwendesha sherehe, akanipa kipaza sauti. Nikasimama. Nikawaambia watu wote kwamba macho yamekwenda ila mkono haujaenda. Nikawaonyesha plaiwudi. Nikasema, "Mchanganyo huu umetoka humu," nikapiga kifua hiki kibovu, "na hakuna kipofu wala mzima atakayeutoa tena." Nilijisifu, sifichi. Watu walipiga makofi na vigelegele. Angela alikuwa analia na kuharibu poda. Hamidi alikaa meza ya mbele na kofia yake safi, akipiga makofi kuliko wote.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo ili ijulikane nilikuwa nayo.

Jumanne, 18 Februari

Wameleta plaiwudi kwa pikapu, mvua ikianza kudondoka. Nikasaidia kuziingiza ndani. Nikapitisha kiganja juu yake kuzifuta maji.

Hapakuwa na mistari.

Nikapitisha tena. Uso wote ulikuwa na vipele vidogo vidogo, sawasawa, kama ganda la chungwa. Brashi haiachi vipele. Rola ndiyo inaacha. Nikaenda kwenye ile nyingine, hivyo hivyo. Nikakwangua pembeni kwa ukucha, likatoka ganda laini la juu, na chini yake vidole vikaikuta mistari yangu, kulala na kusimama, imepishana kama mkeka.

Nilikaa mbele yake sherehe nzima. Nilisimama mbele ya watu wote wa ukoo nikaionyesha kwa kidole nikasema ni yangu. Waliojua walikuwa wangapi? Waliopiga makofi wote?

Laurencia aliingia akanikuta nimeweka viganja ubaoni. Akajua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye, siku ile ya mvua, aliporudisha makopo rafuni. Aliyapanga vizuri tu, kwa ukubwa. Hakujua kwamba mstari ndio macho yangu, maana sikumwambia. Alipofungua mlango siku ile na kuona nilichofanya, alikosa pa kuanzia kuniambia. Alimwambia Hamidi, naye Hamidi akaja kupaka juu yake siku niliyokwenda kliniki.

Sikumfokea. Ningepata wapi nguvu.

Jumatano, 19 Februari

Nimekwenda dukani. Leo nilisubiri wateja waondoke.

"Ulitumia rola," nikamwambia.

Hamidi akaacha alichokuwa akipima. "Mimi si fundi, Silvanus. Brashi yako siiwezi. Nilipeleka kitambaa cha mtoto kwa wauza rangi Arusha, mashine yao ikachanganya yenyewe. Nikaja nikapaka. Nilitetemeka kuliko siku yangu ya ndoa."

"Na makofi yale?"

"Yalikuwa yako. Ulisema vizuri."

Nikamwuliza lile nililokuja nalo. "Yangu ilikuwaje? Kabla hujaifunika. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nimechoka kupakwa."

Akafunika ndoo iliyokuwa wazi. Nje gari la watalii lilipita kuelekea geti, likatuachia vumbi ambalo sikulijua rangi. Mwishowe akasema, "Uliweka kijani mahali pa nyekundu. Ilikuwa imechanganyika vizuri sana, wallahi, laini, hakuna doa hata moja. Ilikuwa rangi ya pichi, Silvanus. Pichi bichi. Kama yale uliyomchumia mtoto."

Nikatikisa kichwa kukubali. Angalau mmoja ameniambia.

Akauliza anipimie nini leo, kama zamani, kopo tayari mkononi. Ndoo zake zilikuwa zimepangwa nyuma yake na mimi nikazitazama moja baada ya nyingine hadi mwisho wa ukuta.

Nikamwambia anipimie nyeupe. Hiyo bado naijua. Nyingine zote abaki nazo.